Harufu ya Tatu

Kwa maneno ya Bi Hodi, jirani yake Pua wa ukuta kwa ukuta, mambo yalikwenda hivi. Alikuwa akipita zake mbele ya duka kubwa la marashi, lile la milango ya vioo karibu na kituo cha mabasi, hana hili wala lile, mara akamwona wifi wa Pua akitokea mlango wa nyuma. Si wa mbele wanakoingilia wateja. Wa nyuma, wanakoingilia wenyewe. Na hakutoka peke yake. Alisindikizwa na mwanamume mwenye tai, wanacheka, wanapeana mikono kama watu waliokwisha kukubaliana jambo. Bi Hodi akajibanza kando ya kibanda cha magazeti, maana yeye si mmbea, ila jambo akishaliona kichwa hapendi kulikosa mkia. Yule alipopotea kwenye kona, Bi Hodi akaingia dukani kwa mlango wa mbele kama mteja wa halali. Akaona chupa mpya zimepangwa rafu ya katikati. Akaomba apakwe. Alipopakwa, anasema, alitoka mbio mpaka kwa Pua.

"Ni yenu, mwanangu," alimwambia Pua uani, kabla hata hajapata pa kukaa. "Yale marashi yenu ya machungwa mliyoninusisha, mkasema bado hayajakomaa. Yameshakomaa kwa wenzenu. Nusa hapa."

Akainamisha shingo. Pua akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanusa.

"Nasikia vitunguu."

"Ondoka hapa! Vitunguu ni mimi, nilikata kabla ya kutoka. Nusa kwa ndani."

Akanusa kwa ndani. Chungwa lilikuwapo, kweli. Ndimu pia. Lakini lilikuwapo na jasho la mtu aliyekimbia na habari ya moto asitake ipoe njiani, na jasho la namna hiyo hufunika mengi.

"Shingoni mwa mtu siwezi kusema kitu, Bi Hodi. Machungwa yote duniani yananukia machungwa."

"Haya. Mimi nakwambia unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe unanitajia vitunguu. Wifi ni wifi, mwanangu. Hata akikubeba mgongoni, chungulia uone anakokupeleka."

Akaondoka bila kuaga, kama alivyoingia bila kuitikiwa. Ndiyo maana mtaa ulimwita Bi Hodi: hodi yake huisikia ukiwa tayari unamtazama usoni.

Pua hakuwa mtu wa kukasirika haraka. Jina lenyewe alipewa na huyo huyo wifi, mke wa kaka yake, siku alipofungua dumu la spiriti waliyoletewa na kusema, bila kuionja wala kuimimina, kwamba dumu hilo liliwahi kubeba mafuta ya taa. Toka hapo mtaa ukalisahau jina lake la cheti. Alikuja kuishi kwa kaka yake alipomaliza shule ya msingi, na masomo yakaishia hapo. Watu wakatabiri vita: mawifi wawili jiko moja, mmoja atalala nje. Badala yake wakawa chanda na pete, mpaka kaka mtu akawa analalamika kwamba akiingia nyumbani anajiona kama mgeni aliyekosea mlango.

Wifi ndiye aliyemtia mkononi kazi ya marashi. Alimfundisha kumenya ganda bila kugusa ule utando mweupe, kuloweka, kuchuja, kutikisa mtungi na kuuacha gizani. Juu ya yote alimfundisha sheria kubwa ya kile chumba chao cha uani: marashi hayahukumiwi mpaka harufu ya tatu.

"Marashi ni mgeni," alikuwa akisema, huku amekunja mguu mmoja juu ya stuli. "Harufu ya kwanza yuko mlangoni, na mlangoni kila mtu ana meno meupe. Ya pili ameketi sebuleni, ameanza kuchoka kujipanga. Ya tatu amelala, anakoroma. Huyo sasa ndiye yeye. Usimsifu mtu kwa ya mlangoni, wala usimlaani."

Kwa hiyo kila walichokitengeneza kilipakwa asubuhi ndani ya mkono wa Pua, mkono uliooshwa kwa maji matupu, na mchana kutwa wakawa wanakinusa kwa zamu. Waliongea maneno mengi, wakacheka, wakagombana juu ya mchaichai na karafuu, ila hakuna aliyeruhusiwa kutamka "nzuri" au "mbaya" kabla mgeni hajakoroma.

Na hayo marashi yao ya machungwa yalikuwa na harufu ya tatu ambayo mtu mwingine asingeipata hata kwa bahati, kwa sababu ilizaliwa na ujinga. Mvua ilikuwa imekazana, maganda yamekataa kukauka, yameanza kuota ukungu. Wifi alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake. Pua alikuwa akimpigia pasi kaka yake mashati meupe ya kazini, kaka ni mhudumu wa hoteli na kola yake ni lazima isimame kama askari. Akaiangalia pasi ya mkaa, akayaangalia maganda. Akajiambia, kama inakausha shati kwa nini isikaushe ganda? Akayapanga katikati ya mikunjo ya kitambaa cha zamani, akayapiga pasi. Mengine yakakauka vizuri. Mengine yakababuka. Akayatia yote mtungini, akamwagia spiriti, akanyamaza.

Marashi yalipokuwa tayari, mlangoni yalikuwa chungwa na ndimu, sebuleni mchaichai mkavu kama majani ya kuezekea. Lakini jioni, ndani ya mkono wa Pua, kikatokea kitu ambacho wifi alikinusa mara ya kwanza, ya pili, kisha akainuka akakitafuta chumbani kote. Shati jeupe lililotoka kupigwa pasi sasa hivi. Wanga, joto, kola imeungua kidogo tu, na kwa mbali chungwa. Harufu ya mtu anayejitayarisha kwenda kwenye jambo la heri. Wifi alipokiona kitambaa chenye madoa ya kahawia, alielewa.

"Umepiga pasi machungwa?"

Pua akatazama chini.

"Machungwa! Kesho utayafunga vifungo, uyatafutie na mchumba!" Alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yanamtoka, na Pua naye akaanguka kando yake. Kisha wifi akaunusa tena ule mkono, na kicheko kikamwisha. "Usimwambie mtu," alisema. "Hata kaka yako. Hii ni yetu wawili. Siku tukiipeleka dukani tutashona sare, tutaingia mlango wa mbele, mimi na wewe, tumeshikana mikono."

Tangu siku ile Pua alikuwa akiisubiri siku ya sare. Akiuliza, jibu lilikuwa moja: bado, hayajakomaa, marashi hayaharakishwi.

Sasa jambo lilikuwa jepesi kulisema na zito kulibeba. Kama marashi ya duka la vioo yakilala yananuka shati, basi wifi ameitoa siri yao na kumwacha yeye nje. Kama hayanuki, Bi Hodi akapike vitunguu vyake kwa amani. Na sheria ilikuwa ile ile: asimlaani mtu kwa harufu ya mlangoni.

Asubuhi akaoga kwa maji matupu, akavaa blauzi ya mikono mirefu, akaaga kwamba anakwenda kununua uzi. Dukani kulikuwa na baridi ya mashine na msichana mwenye kucha ndefu aliyemwita mpenzi.

"Hii mpya, mpenzi. Watu wanaigombania. Nikupake shingoni?"

"Hapa, ndani ya mkono. Kidogo tu."

"Mbona unajipaka kama unachomwa sindano?" Msichana akacheka, akampulizia.

Chungwa likamrukia kama mtoto anayempokea mzazi. Nyuma yake ndimu, kali, ya kufumbua macho. Mpaka hapo ni yale yale yao. Kisha kikaja kitu kingine, uchungu wa kuchangamsha, na akalitambua balungi. Wao hawakutia balungi. Akalishika lile balungi kama mtu aliyepata shahidi, akarudi nyumbani nalo njia nzima. Alinunua na uzi, asije akawa mwongo.

Alimkuta wifi kwenye meza ya uani, amezungukwa na maganda, anachuja.

"Umekawia. Umepotea au umechumbiwa?"

"Nimechumbiwa na muuza uzi. Nimemwambia aje kwa kaka."

"Aje ameshiba. Kaka yako hagawani chakula na mashemeji."

Pua akacheka, na akashangaa kwamba kicheko kimetoka vizuri. Akachukua kisu, akakaa upande ambao upepo wa dirishani ulitoka kwa wifi na kuja kwake. Chumba chenyewe kilinuka machungwa tangu dari hadi sakafu, kwa hiyo mgeni wa mkononi hakuonekana. Walifanya kazi. Wifi aliimba kidogo, akakosea maneno kama kawaida yake, akaendelea kukosea kwa ujasiri. Pua alimtazama mikono yake, shingo yake, ile namna ya kupuliza nywele zilizomwangukia jichoni, akitafuta mahali ambapo mtu huyu angekuwa ameficha mtu mwingine. Hakupaona.

Jua lilipopanda alitoka kuanika nguo. Nyuma ya shuka, akakunja mkono wa blauzi na kunusa harufu ya pili.

Maua. Maua ya mchungwa, mengi, laini, na chini yake utamu kama wa sabuni ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hakuna mchaichai. Hakuna ukavu. Huyu alikuwa mgeni mwingine kabisa, wa nyumba nyingine, aliyelelewa kwa pamba. Pua akaliegemeza paji la uso kwenye shuka lenye maji, akacheka peke yake. Halafu aibu ikamshika. Amekwenda kumpeleleza mtu aliyemfundisha hata jinsi ya kushika kisu, kwa sababu ya shingo ya Bi Hodi!

Alirudi ndani mwepesi. Akachemsha chai, akampelekea wifi, akamtilia mto mgongoni.

"Wewe pumzika. Chupa zote nitazisuuza mimi leo."

Wifi akamtazama kwa jicho moja. "Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Basi unaumwa. Njoo nikuguse."

"Siumwi, wifi. Nimefurahi tu. Mtu hafurahi bure?"

"Katika nyumba hii? Labda mshahara wa kaka yako umeongezwa na mimi sijaambiwa."

Wakacheka wote wawili. Ndipo Pua, kwa ile furaha, akauliza, "Tutashona lini zile sare zetu?"

"Sare zipi?"

"Za kupelekea marashi dukani."

Wifi akaipuliza chai. "Bado. Hayajakomaa."

Pua aliona kwamba chai haikuwa ikitoa mvuke tena. Ilikuwa imepoa, na wifi akaendelea kuipuliza. Aliona, ila siku ile alikuwa ameshiba furaha, na mtu aliyeshiba hachambui punje. Akaenda kwenye beseni.

Alisuuza mpaka jua likahamia dirisha la pili. Mikono ya blauzi ikalowa, akaikunja. Alikuwa akiinua chupa kuitazama kwenye mwanga aliposikia harufu ya pasi. Wazo lake la kwanza lilikuwa jema: wifi ameanza mashati ya kaka, amsaidie. Akageuka. Wifi alikuwa mezani, anafunga mifuniko. Pasi ilikuwa juu ya rafu, mdomo wazi, haina hata kaa moja. Labda kwa jirani. Lakini kwa Bi Hodi hakuna pasi, mumewe hutoka kila siku amevaa nguo kama zilizotafunwa na ng'ombe zikarudishwa.

Akaushusha uso mpaka kwenye mkono wake.

Wanga. Joto. Kola imeungua kidogo tu. Na kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ameshafika ng'ambo ya barabara, chungwa.

Hakulia. Alinusa tena, polepole, kama alivyofundishwa. Balungi lilikuwa kofia tu. Maua yalikuwa shela. Ndani alikuwa yule yule mtoto wao, amevalishwa nguo za watu na kupewa ubini wa watu, na sasa amechoka, amelala, anakoroma kwa sauti ambayo mama yake asingeweza kuikosea.

"Nani anapiga pasi?" wifi aliuliza, bila kuinua kichwa.

Pua akaiweka chupa chini. Na wifi, ambaye naye alikuwa na pua, maana mtu hafundishi asichokuwa nacho, aliyasikia maneno yake mwenyewe. Mfuniko ukamponyoka, ukaviringika chini ya meza. Hakuufuata.

Pua akaenda pale alipokaa, akamnyooshea mkono. Wifi akautazama. Kisha, kama walivyofanya mara nyingi katika chumba hicho, akaushika kwa mikono yote miwili, akainama, akanusa. Akanusa tena, amefumba macho.

"Wamezidisha maua," alisema mwishowe.

Pua akakaa kwenye stuli.

"Bi Hodi alikuona."

"Bi Hodi angeniona hata ningepita chini ya ardhi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ngoja nikueleze, wifi."

"Nakusikiliza."

"Nilikwenda kuuliza tu. Naapa. Nilichukua kichupa kimoja niwanusishe, nisikie watasema nini, nije nikwambie. Yule bwana akanusa, akaita wenzake. Wakapaka kwenye mkono, wakangoja, wakanusa tena. Akaniuliza, nani ametengeneza? Nikafungua mdomo niseme 'sisi', ikatoka 'mimi'." Wifi alikuwa bado ameushika ule mkono, kidole gumba kinausugua kama mtu anayefuta doa. "Wanataka mtu mmoja, unaelewa? Mmoja kwenye mkataba, mmoja kwenye picha. Wangeniuliza mwenzangu kasomea wapi, ningejibu nini?"

"Ungejibu shule ya msingi."

"Wangecheka."

"Na harufu ya tatu? Hawakuuliza imetoka wapi?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

Wifi akatazama dirishani. "Nikasema ni ufundi wangu wa siku nyingi."

Pua akakumbuka sakafu hii hii, na wifi ameketi juu yake amejishika mbavu. "Siku ile ulicheka mpaka ukakaa chini," alisema. "Ulikuwa unacheka na mimi, au ulikwisha kuniacha?"

"Siku ile nilicheka kweli. Mungu ni shahidi, siku ile sikuwa na wazo lolote."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine. Ingekuwa uongo tangu mwanzo, angeutupa wote kwa pamoja, kama maji machafu ya beseni. Sasa kulikuwa na siku moja ya kweli iliyoelea humo ndani, na hakujua aishike wapi.

"Ungeniambia lini?"

"Nilikuwa natafuta njia."

"Ya kuniambia?"

Wifi akageuka kutoka dirishani. Alilamba midomo, akasogeza stuli karibu, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kazi, ya kuulizana kama mtungi umetikiswa. Pua aliijua sauti hiyo, na kwa mara ya kwanza ilimtia hofu.

"Sasa sikiliza. Kuna jambo. Yale niliyowapelekea baadaye, nusu mtungi, yamekwisha. Wanataka mengine, na mimi siwezi. Nimejaribu huko kwao, wifi. Nimepiga pasi maganda kwa moto mdogo, kwa moto mkubwa, kwa kitambaa kizito, kwa chepesi. Ama yanaungua yote ama hayaungui. Yananuka moto. Hayanuki shati." Akafungua kiganja. Chini ya vidole kulikuwa na malengelenge mawili yanayokauka. Pua aliyafahamu. Yeye ndiye aliyeyapaka dawa, tena kwa kuyapuliza yasiwashe, alipoambiwa ni mpini wa sufuria. "Ni mkono wako. Lazima kuna namna unavyoiinua ile pasi kabla hujairudisha. Mimi sikuwapo, sikuiona."

"Hukuwapo," Pua alisema.

"Basi njoo kesho. Muda mfupi tu, unioneshe. Nitasimama kando nitazame, nikishaijua hutasumbuliwa tena. Njoo kwa mlango wa nyuma, mwambie mlinzi umetumwa na mimi. Hawatakuuliza maswali, wanakujua. Niliwaambia nina binti nyumbani wa kunimenyea."

"Binti wa kukumenyea."

"Ni neno tu, wifi yangu. Lilitoka tu. Tukishakuwa ndani nitalinyoosha polepole, wewe mwenyewe utaona."

Nje geti likalia. Kaka mtu akaingia uani akipiga mluzi, wakamsikia anavua viatu, anavigonga ukutani kutoa vumbi.

"Nyinyi wawili mko wapi?" aliita. "Mbona kimya? Mmeanza kunisengenya mapema leo!"

Wifi akaukaza ule mkono aliokuwa ameushika, akausogeza kifuani kwake, akamtazama Pua kwa macho yale yale aliyomtazama nayo miaka yote, na hayo ndiyo yalikuwa mabaya yake: hayakuwa yamebadilika hata kidogo.

"Wifi," alinong'ona. "Nakuomba. Nakupigia magoti kama unataka. Utakuja?"

Viatu vikatulia. Nyayo za kaka zikaanza kuja upande wa chumba chao.

"Utakuja?"